Mgombea udiwani aliyefunzwa na Stepney

Mwaka 1909 wapiga kura wa Stepney, mashariki mwa London, walimkataa mgombea udiwani mmoja wa miaka 26, mwembamba, mwenye haya, mtoto wa mwanasheria mwenye uwezo. Aliitwa Clement Attlee. Miaka 10 baadaye alikuwa meya wa eneo hilohilo, na mwaka 1945 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kilichomvusha kutoka kushindwa kule hadi umeya hakikuwa ufasaha wa jukwaani, kwa sababu hakuwahi kuwa nao, hata alipofika kileleni. Ilikuwa ni miaka ya kuishi Stepney na kufanya kazi ambazo hazikumpa jina wala fedha.

Attlee alizaliwa Januari 3, 1883, Putney, upande wa London wa watu wenye nafasi, akiwa wa saba kati ya watoto wanane. Alisoma shule ya bweni ya Haileybury, akachukua shahada ya historia Oxford, na mwaka 1906 akakubaliwa kuwa wakili wa mahakamani. Kesi alizoletewa zilikuwa chache mno. Kisiasa alikuwa mhafidhina, na kama wengi wa tabaka lake aliona kwamba umaskini wa mtu unatokana na uzembe wake mwenyewe.

Oktoba 1905 alifuatana na mdogo wake, Laurence, kwenda kuitazama Haileybury House, klabu ya vijana iliyoendeshwa Stepney kwa hisani ya shule yao ya zamani. Shule nyingi za matajiri zilikuwa na vituo vya namna hiyo katika mitaa ya maskini. Vijana wa klabu walikuwa kati ya miaka 14 na 18. Mchana walikuwa matarishi, wasaidizi wa mikokoteni na vibarua wa viwandani. Jioni walikuja kufanya gwaride la kadeti, michezo na mazoezi ya viungo. Attlee alianza kwa jioni moja kwa wiki, kisha zikazidi. Mwaka 1907 aliombwa awe meneja kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka, akahamia palepale.

Kuhama huko ndiko kulikobadili kila kitu. Mfadhili anayekuja na kuondoka huona njaa ya siku ile aliyokuja. Anayelala mtaani huona namna njaa inavyopatikana. Attlee aliona wanaume wakijazana asubuhi kwenye mageti ya bandari, wakisubiri kuteuliwa kwa kazi ya siku moja au hata ya nusu siku, na wasioteuliwa wakirudi nyumbani mikono mitupu. Aliona akina mama wakishona nguo majumbani kwa senti chache hadi usiku, na familia nzima ikibanana katika chumba kimoja au viwili vyenye ukungu ambavyo mwenye nyumba alivikumbuka siku ya kodi tu. Zaidi ya yote aliona kwamba watu hao si wavivu, wala si wakorofi. Walisaidiana kwa kidogo walichokuwa nacho kuliko jamaa zake wa Putney.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe baadaye. Siku moja alikuwa akitembea na msichana mdogo wa mtaani, naye akamwuliza anakwenda wapi. Attlee akajibu kwamba anakwenda nyumbani kunywa chai. Mtoto akasema kwamba yeye pia anakwenda nyumbani, kuona kama chai ipo. Kisa hicho kina uzito kuliko takwimu nyingi za umaskini wa wakati ule, na aliyekisikia kwa masikio yake hakukisahau.

Januari 1908 alijiunga na tawi la Stepney la chama kidogo cha kisoshalisti, Independent Labour Party. Aliyemshawishi hakuwa profesa, alikuwa Tommy Williams, Mwelshi aliyefanya kazi gatini. Wanachama wa tawi hawakufika 20. Katika kundi dogo kiasi hicho, mtu mwenye muda ndiye hubebeshwa kazi zote, na Attlee alikuwa na muda. Alikuwa mwandishi wa vikao, mgawaji wa vipeperushi, na msemaji wa mikutano ya pembe za barabara, akihutubia chini ya taa ya gesi huku wapita njia wakimzomea au wakimpita tu. Baba yake alifariki mwaka huohuo, na urithi aliouacha ulimwezesha kuachana na uwakili.

Mwaka 1909 aliajiriwa katika kampeni ya mwanamageuzi wa jamii Beatrice Webb ya kutaka Sheria ya Maskini ifutwe. Sheria hiyo, iliyorekebishwa mwaka 1834, iliamuru kwamba mtu mzima mwenye nguvu akishindwa kujikimu aingie katika nyumba ya maskini, atenganishwe na mkewe na watoto, na afanyishwe kazi ngumu kwa chakula hafifu, ili asipende kurudi. Ndivyo serikali ilivyoitafsiri huruma. Mwaka huohuo ndipo Attlee alipogombea udiwani wa Stepney na kushindwa.

Kushindwa huko hakushangazi. Vijana aliowalea hawakuwa wamefikia umri wa kupiga kura. Mtu aliyepokea msaada wa fungu la maskini alinyimwa kura kwa mujibu wa sheria, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi 1918. Aliowatumikia zaidi ndio walikuwa na uwezo mdogo zaidi wa kumchagua. Mgombea aliyefanya hisani kwa hesabu ya kura angefunga virago. Attlee alibaki.

Mwaka 1910 alikuwa katibu wa Toynbee Hall, kituo maarufu cha huduma za jamii katika eneo la Whitechapel. Mwaka 1911 serikali ilimpa kazi ya kuwaeleza wananchi sheria mpya ya bima ya taifa, akazunguka vijijini kwa baiskeli. Migomo ya bandari ya miaka hiyo ilipowaacha watoto wa wafanyakazi bila chakula, alishika mkebe wa michango na kusaidia kuwagawia chakula. Chuo cha London School of Economics kilipotafuta mhadhiri wa huduma za jamii mwaka 1912, kilimchukua yeye badala ya Hugh Dalton, msomi aliyekuja kuwa waziri wake wa fedha. Kilichompa nafasi ni kwamba aliijua kazi yenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Gallipoli, kisha Mesopotamia, alikojeruhiwa mwaka 1916. Alirudi Stepney akiwa na cheo cha meja, na watu wa huko waliendelea kumwita Meja Attlee. Stepney ya 1919 haikuwa ile ya 1909. Sheria ya 1918 ilikuwa imewapa kura wanaume wote wazima na wanawake wengi. Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi na Wairishi wa bandarini, ambao kila kundi lilikuwa na siasa zake, waliunganishwa katika chama cha Labour, alichokuwamo Attlee, kwa jitihada kubwa za Oscar Tobin, mfamasia Myahudi mwenye asili ya Romania. Katika uchaguzi wa Novemba 1919 Labour ilipata viti 43 kati ya 60. Attlee hakuwa amechaguliwa kuwa diwani, lakini sheria iliruhusu meya atoke nje ya baraza. Madiwani wapya, wengi wao wafanyakazi wasiowahi kuendesha ofisi, walimwita yeye awaongoze. Alikuwa na miaka 36.

Baraza lilianza na nyumba. Sheria ya afya iliwapa madiwani uwezo wa kumlazimisha mwenye nyumba kurekebisha jengo lake, ila mabaraza yaliyotangulia yaliuacha uwezo huo ulale. Meya aliyekwisha kukaa ndani ya nyumba hizo hakuhitaji kuelezwa paa lipi linavuja. Mabwana afya walitumwa mlango kwa mlango, wenye nyumba wakapelekewa amri, na waliopuuza wakafuatwa kisheria. Wauguzi wa kuwatembelea kina mama waliajiriwa, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Askari waliorudi vitani bila ajira walitafutiwa kazi. Mwaka 1920 Attlee aliongoza mameya wenzake wa London hadi Downing Street kumdai Waziri Mkuu Lloyd George hatua juu ya ukosefu wa kazi.

Mwaka huohuo alichapisha kitabu, The Social Worker, kilichobeba hoja aliyoichuma klabuni. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, na humfanya mpokeaji awe mnyenyekevu kwa tumbo lake. Kodi inayotozwa kwa haki na kurudishwa kama huduma haimdai mtu shukrani. Hakuidharau huduma ya kujitolea. Alitaka imfundishe mtumishi, kisha imsukume kuidai serikali.

Mwaka 1922 alichaguliwa mbunge wa Limehouse, sehemu ya Stepney. Akiwa Waziri Mkuu kuanzia 1945 hadi 1951, serikali yake ilipanua bima ya taifa kwa sheria ya mwaka 1946, na Julai 5, 1948 ikaanzisha huduma ya afya ya taifa isiyodai malipo hospitalini. Siku hiyohiyo Sheria ya Maskini, aliyoanza kuipinga miaka 39 nyuma, ilikoma.

Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza, iliijua serikali hiyo kwa sura nyingine. Mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulilenga zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa nchini humo. Uchunguzi wake wa mwaka 1946 ulichukua wiki tisa, kwa kiasi kikubwa kwa ndege. Wagogo walioijua mvua ya Kongwa na udongo wake unaokauka kama saruji hawakuulizwa. Januari 1951 mradi uliachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Waziri wa chakula, John Strachey, ndiye aliyebeba lawama nyingi, lakini mradi ulikuwa wa serikali ya Attlee. Stepney ilitawaliwa na mtu aliyeijua kwa miguu, Kongwa ikapangwa na watu walioiona kutoka angani.

Attlee alifariki Oktoba 8, 1967. Sanamu yake sasa iko katika Chuo Kikuu cha Queen Mary, barabara ya Mile End, karibu na jengo la People's Palace ambako kura zake za Limehouse zilihesabiwa mwaka 1945, ndani ya Stepney ileile iliyomkataa kwenye udiwani.