Damu ikimwagika, ni ngamia au ni korti?

HEBU msomaji jichukulie wewe ni mama mkaazi wa Elwak, kule Kaunti ya Mandera, karibu kabisa na mpaka wa Somalia. Asubuhi moja unaletewa habari kwamba mwanao ameuawa kwa kisu katika ugomvi wa vijana. Kabla machozi hayajakauka, wazee wa ukoo wa muuaji wamekwisha kufika. Wanaketi chini ya mti pamoja na wazee wenu. Wewe uko nyuma ya ua, hata sauti zao huzisikii. Jioni mumeo anarudi na kukuambia: "Mama watoto, mambo yamekwisha. Tumekubaliana ngamia."

Je, yamekwisha kweli? Na lile faili lililo katika kituo cha polisi, nalo limekwisha?

Usidhani hili ni swali la barazani tu. Limewahi kufikishwa mbele ya majaji wa Mahakama Kuu, na majibu waliyoyatoa hayakufanana.

Desturi yenye kazi yake

Mazungumzo ya namna hii huitwa maslaha, na malipo ya damu huitwa diya. Kwa desturi ya Wasomali, diya haimwangukii muuaji peke yake. Jamaa zake wote huchanga. Kwa hiyo kila mzee ana sababu ya kuwachunga vijana wake, maana kisu cha mmoja ni hasara ya zizi la kila mtu.

Tusiidharau desturi hii. Katika nchi kame ambako koo hugombania visima na malisho, kifo kimoja kisichotulizwa huzaa vifo kumi. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe wakaandika mapatano yao. Humo walitaja fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke.

Kisha kuna umbali. Kesi ya mauaji haisikizwi na hakimu wa kawaida bali na Mahakama Kuu. Kutoka Elwak hadi Mahakama Kuu ya Garissa ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Shahidi mwenye mbuzi wa kuchunga atakwenda mara ngapi?

Kesi iliyoshangaza mawakili

Mnamo Oktoba 2011 mtu mmoja aliuawa mtaani Eastleigh, Nairobi. Mshukiwa alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Lakini familia mbili zilikutana, na fidia ya ngamia, mbuzi na vitu vingine ikatolewa kwa mujibu wa mila na dini. Baba ya marehemu akatia sahihi hati ya kiapo kwamba wameridhika. Mashahidi nao hawakupatikana tena.

Kiongozi wa mashtaka aliomba kesi iondolewe. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, upande wa mashtaka hauwezi kuiacha kesi bila ruhusa ya korti. Mnamo Mei 2, 2013, Jaji Roselyne Lagat-Korir alikubali, akisema kesi hiyo ilikuwa ya aina yake. Mshtakiwa akaenda zake.

Jaji aliangalia kifungu cha 159 cha Katiba, kinachoagiza korti zikuze upatanishi na njia za jadi za kutatua mizozo. Lakini kifungu hicho kina mkia. Kinakataza njia za jadi zinazovunja haki za binadamu, zinazokwenda kinyume cha uadilifu au zinazopingana na sheria zilizoandikwa. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai huruhusu upatanisho katika makosa madogo ya watu binafsi, kama vile kupigana, si katika makosa mazito.

Ndiyo sababu majaji wengine waliopelekewa maombi kama hayo baadaye waliyakataa. Walisema mauaji si deni baina ya familia mbili.

Wahindi wasemaje?

Pengine utauliza, India inaingiaje hapa? Inaingia kwa sababu ya asili ya sheria zetu. Hadi mwaka 1930, makosa ya jinai nchini yaliamuliwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. India yenyewe iliitumia hadi Julai 2024, ilipoweka sheria mpya.

Mahakama ya Juu ya India ilikumbana na swali hili hili katika kesi ya Gian Singh, iliyoamuliwa Septemba 2012, miezi michache tu kabla ya uamuzi wa Nairobi. Majaji walisema Mahakama Kuu za huko zaweza kufuta kesi ya jinai iwapo wahusika wamepatana, hasa ikiwa kiini chake ni biashara, fedha au ugomvi wa nyumbani. Lakini mauaji, ubakaji na unyang'anyi wa magenge, hapana. Makosa hayo huumiza jamii nzima, na familia moja haiwezi kuisamehe kwa niaba ya wote.

Hapo ndipo palipo mpaka kati ya kesi ya madai na kesi ya jinai. Katika madai, kama deni au urithi, mwenye kesi ni wewe. Ukipatana na mwenzako, korti hufurahi. Katika jinai mwenye kesi ni Jamhuri, na wewe ni shahidi. Huwezi kuuza kisicho chako.

Je, basi diya haina maana kortini? La, inaweza kuwa nayo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba hukumu ya kifo si lazima kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Sasa jaji hupima majuto ya mkosaji na hali ya familia ya marehemu kabla ya kuamua adhabu. Upatanisho wa kweli waweza kusikika hapo, baada ya ukweli kujulikana.

Asiyeketi chini ya mti

Linaloniuma mimi ni yule mama nyuma ya ua. Ngamia huenda kwa ukoo, si kwake. Na damu ya binti yake imehesabiwa nusu ya damu ya mwanawe, ilhali Katiba inasema mume na mke ni sawa mbele ya sheria.

Mambo huwa mabaya zaidi pale binti anapobakwa. Wazee hupatana, mbuzi huchinjwa, naye binti huendelea kukutana na mbakaji wake kisimani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iko wazi: kesi kama hiyo haiachwi kwa amri ya polisi, seuze wazee. Mwenye uwezo wa kuamua isiendelee ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, yafikapo yakufike, kumbuka haya. Ugomvi wa malisho, mahari au deni, pelekeni kwa wazee bila wasiwasi. Talaka, ndoa na urithi wa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye ni kazi ya kadhi, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Ukishindwa kesi ya jinai kwa hakimu una siku 14 za kukata rufaa; ya madai, siku 30. Damu na ubakaji, kwanza hospitali na polisi. Wazee waje baadaye kutuliza koo.

Amani ya koo ni kitu cha thamani, wala hakuna korti iwezayo kuileta peke yake. Lakini kabla mzee hajatamka kwamba mambo yamekwisha, na ageuke nyuma ya ua amwulize yule mama: je, kwako pia yamekwisha?