KABLA YA KUINUA GARI, TAZAMA JUU

Ndugu msomaji, askari anapostaafu aghalabu hurudi nyumbani na vitu viwili: kiinua mgongo chake, na mazoea ya kutoweza kukaa bure. Jirani yangu hapa Kampala, sajini mstaafu aliyetumikia karakana ya magari kwa miaka mingi, alirudi na vyote viwili. Anayo Toyota Corolla ya zamani, na nyuma ya nyumba amejenga banda la matofali lililoezekwa kwa mabati, ambamo kila Jumamosi yeye na mwanawe hutengeneza gari lao na magari ya ndugu zao.

Jumamosi moja kijana huyo alikuwa amelala chini ya gari akifungua bomba la moshi. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki tu, na jeki ilikuwa imewekwa nje ya banda, juu ya udongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Jeki ikadidimia upande, gari likashuka kwa kishindo. Kilichomnusuru kijana ni gurudumu la akiba ambalo baba yake alikuwa amelilaza chini ya chasisi. Alitoka chini ya gari akiwa mzima, ila mikono ilimtetemeka hata hakuweza kushika kikombe cha chai.

Tangu siku ile sajini aliapa kwamba atanunua mashine ya kuinulia gari, ile iitwayo lifti. Alipata kitabu cha picha kwa mfanyabiashara mmoja, akapendezwa na lifti ya nguzo mbili, ndefu na imara, kama zile za karakana kubwa. Alikuwa tayari kulipa arbuni pale mkewe, aliyekuwa akishona barazani, aliponyanyua macho na kumwuliza, "Mzee wangu, gari likipanda, kichwa chake kitaingia wapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Watu wengi wanaotaka lifti ya nyumbani huuliza kwanza bei, kisha uzito. Yapasa waulize kwanza urefu wa kwenda juu, kwa maana uzito na bei vyaweza kubadilishwa dukani, bali paa la nyumba halibadiliki ila kwa kubomoa.

HESABU YA DARI

Mama yule alileta futi yake ya kushonea na mti wa ufagio, wakapima. Kutoka sakafuni hadi boriti ya chini ya kenchi walipata sentimita 275. Nawe fanya vivyo hivyo. Usipime hadi kwenye bati, bali hadi kwenye kitu kinachoning'inia chini zaidi: boriti, taa, waya, au reli ya mlango ikiwa mlango wako hukunjwa juu. Pima mahali penyewe gari litakaposimama, mbele na nyuma, kwa kuwa mabanda yetu mengi huinama upande mmoja ili maji ya mvua yapate kuteremka.

Kisha pima gari lako. Corolla ya miaka ya mwanzo ya 2000 ina kimo cha sentimita 147 hivi. Ukitoa 147 katika 275, hubaki 128. Ondoa tena sentimita 15 za tahadhari, hubaki 113. Hapo ndipo paa la gari laweza kupanda, wala si zaidi. Lakini shemeji akileta Prado yake, yenye kimo cha karibu sentimita 190, zitabaki 70 tu. Banda ni lile lile, ila kila gari lina mpaka wake. Kwa hiyo piga hesabu kwa gari refu kuliko yote utakayoliingiza, na uuandike mpaka wa kila gari ukutani kwa rangi. Kumbuka pia kuacha boneti na mlango wa nyuma vikiwa vimefungwa wakati wa kuinua.

Tena kuna jambo linalowapotosha wanunuzi. Kitabu cha lifti kikisema inainua hadi sentimita 120, kipimo hicho huhesabiwa kutoka sakafuni hadi pale chuma kinapolishika gari. Lifti inayoshika ubavu wa chini wa gari hukutana nao ukiwa tayari juu ya ardhi kwa sentimita 20 hivi. Basi gari hupanda sentimita 100 tu, na paa la Corolla litafika 247. Lakini lifti ambayo gari hupandishwa kwa magurudumu yake juu ya njia mbili za chuma haina nafuu hiyo. Njia zikiwa kwenye 120, paa la Corolla ile ile litafika 267, yaani sentimita nane tu chini ya boriti ya jirani yangu. Namba ni moja, lakini matokeo ni mbalimbali.

AINA NNE ZA KUFIKIRIA

Lifti ya nguzo mbili yenye boriti juu ndiyo bora kwa fundi, kwani magurudumu huning'inia na chini ya gari hubaki wazi. Walakini nyingi huhitaji dari ya mita tatu na nusu hivi. Zipo za dari fupi, ambazo kamba na mabomba yake hupita sakafuni chini ya bamba la chuma, lakini nyingi kati ya hizo bado zina nguzo za karibu sentimita 280. Katika banda la 275 nguzo zenyewe hazisimami, licha ya gari.

Lifti ya nguzo nne ni fupi zaidi, na husimama kwa utulivu. Watu huipenda kwa kuegesha gari moja juu ya jingine. Lakini jumlisha: Corolla mbili ni sentimita 294, kabla hata ya kuhesabu unene wa chuma kilicho katikati. Katika banda fupi faida hiyo haipo. Tena magurudumu hukalia chuma, hivyo kazi ya breki huhitaji jeki nyingine juu yake.

Lifti ya mkasi haina nguzo. Hukunjwa sakafuni, na gari hupita juu yake. Zilizo ndogo huinua kiasi cha sentimita 60, na za kati kiasi cha mita moja au zaidi kidogo. Magurudumu hubaki huru, hivyo hufaa sana kwa breki, matairi na springi. Kasoro yake ni kwamba miguu ya mkasi huziba katikati ya gari, na kufungua giaboksi au bomba la moshi huwa taabu.

Shimo la kukagulia gari halidai hata sentimita moja ya dari, na baba zetu wengi walilitumia. Lakini ni jambo la hatari nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutelemka na kutulia shimoni, na cheche moja yatosha kuuwasha. Moshi wa injini nao una gesi isiyoonekana wala kunuka, ambayo huua. Tena mvua zetu hulijaza maji, na watoto huweza kutumbukia. Mwenye shimo asifungue tangi la mafuta juu yake, asiwashe injini akiwa ndani, na alifunike kwa mbao nzito kila amalizapo kazi.

SAKAFU, UMEME NA KUFULI

Lifti haina nguvu kupita sakafu iliyoishikilia. Lifti nyingi ndogo za nguzo mbili hutaka zege imara isiyopungua unene wa sentimita 10, na nyingine hutaka zaidi. Soma kitabu cha mtengenezaji na ukifuate. Sakafu ya saruji nyepesi iliyopakwa juu ya kokoto haifai, kwani bolti zitang'oka gari likiwa juu. Ukimwaga zege mpya, uipe siku 28 ikomae kabla ya kuifunga mashine, na usitoboe karibu na ufa au ukingo.

Kuhusu umeme, wa nyumbani hapa Uganda ni volti 240 na mizunguko 50. Baadhi ya lifti zimetengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine, na nyingine hutaka umeme wa viwandani wa nyaya tatu. Uliza kabla ya kulipa. Uliza vilevile gari litashushwaje umeme ukikatika.

Uzito nao usisahauliwe. Land Cruiser kubwa huzidi tani mbili na nusu ikiwa tupu. Chagua lifti inayozidi uzito wa gari lako zito kuliko yote, pamoja na mizigo iliyomo.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mafuta huinua gari, lakini chuma ndicho kinachopaswa kulishika. Bomba la mafuta laweza kupasuka na mpira wake waweza kuvuja. Kwa sababu hiyo lifti njema ina kufuli za chuma zinazojifunga kila hatua. Inua, kisha ishushe kidogo mpaka ikalie kufuli, litikise gari taratibu, ndipo uingie chini. Lifti isiyo na kufuli za chuma usiinunue hata ukipewa kwa nusu ya bei. Na asiye na fedha za lifti asione haya: jeki nzuri juu ya sakafu ngumu, stendi za chuma zenye uwezo wa kutosha, na vizuizi vya magurudumu, huokoa maisha kama lifti. Jeki peke yake haiokoi.

Jirani yangu hakulipa arbuni ile. Alinunua lifti ya mkasi ya kiasi cha kati, yenye kufuli, na fedha iliyobaki akaitumia kumwaga sakafu upya. Ukutani mwa banda ameandika kwa rangi nyekundu: COROLLA 113, PRADO 70. Sasa kijana hufanya kazi ameketi kwenye kigoda, na mama hupita mlangoni na sinia ya chai bila moyo kumwenda mbio.

Askari hufundishwa kukagua silaha kabla ya kuitumia. Basi nawe, ndugu msomaji, kabla ya kutoa kiinua mgongo chako kwa ajili ya kuinua gari, chukua futi, simama katikati ya banda lako, na utazame juu.