Arap, Mac na Bin: Nasaba Iliyomo Ndani ya Jina

Nilipokuwa nyumbani Kiptere majuzi, ndugu wawili wa tumbo moja walinijia wakiwa wamenuna. Walikuwa wamefika ofisini kushughulikia urithi wa shamba la marehemu baba yao. Karani akatazama vitambulisho, akasema: “Huyu ni Koech, yule ni Rono. Sasa hawa ni ndugu kweli?” Wakarudishwa.

Naam, ni ndugu. Karani hakuwa na ubaya. Hakuijua tu sarufi ya majina yetu.

Miongoni mwa Wakipsigis, mtoto hupewa jina kwa wakati au hali ya kuzaliwa. Kipkoech alizaliwa alfajiri, Kiplangat jioni, Kiprop wakati wa mvua. Akishatiwa jandoni, mwanamume huitwa kwa jina la babake, likitanguliwa na “arap” (mwana wa), huku kiambishi “Kip-” au “Ki-” kikidondoshwa. Mwana wa Kipkoech ni arap Koech. Ndiyo maana Rais wa pili wa Kenya aliitwa arap Moi: babake alikuwa Kimoi arap Chebii.

Kwa hivyo, jina hubadilika kila kizazi. Marehemu alikuwa Kipkoech arap Rono. Mwanawe wa kwanza aliandikishwa kwa kufuata mila, akawa Koech. Wa pili, mwalimu alidhani Rono ni jina la ukoo, akamwandika hivyo. Fomu iliyodai “jina la ukoo” iliwatenganisha ndugu.

Yamewapata wengine pia. Kule Ireland, “Mac” ni mwana wa, “Ó” ni mjukuu au mzao wa. Binti hutumia “Nic” na “Ní”. Utawala wa Kiingereza ulipoandika majina hayo kwa masikio yake, Ó Murchadha akawa Murphy, na baadhi ya akina Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, wakageuzwa Smith. Kisha mwaka wa 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin iliteketea, pamoja na karne kadhaa za maandishi. Leo Mwairishi anayetafuta mababu huokoteza: sensa za 1901 na 1911, vitabu vya ubatizo, mawe ya makaburi, na majina ya vijiji.

Sisi hifadhi yetu haijateketea kwa moto. Inazikwa, mzee mmoja baada ya mwingine.

Waswahili wa pwani walilikabili jambo hili kwa “bin” na “binti”: fulani bin fulani bin fulani, hadi babu wa saba. Mnyororo huo ndio nasaba. Wakipsigis nao wana minyororo mitatu. Upo “kurenet”, jina la babu aliyetangulia, ambalo hutajwa mtoto anapozaliwa hadi apige chafya akilikubali. Upo “oret”, yaani ukoo, wenye mnyama wake. Wa ukoo mmoja hawaoani. Na lipo “ibinda”, rika la tohara kama Maina, Chumo na Sawe, linalokupa makadirio ya umri wa mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa.

Basi ushauri wangu kwa wale ndugu, na kwako msomaji, ni huu. Chukua daftari, ukae na wazee wangali hai. Andika jina la kuzaliwa la kila mtu, arap wake, oret, ibinda, na kijiji. Usiwasahau akina mama na koo walikotoka, kwani fomu huwasahau mno. Pale ambapo vyeti vinatofautiana, barua ya chifu na hati ya kiapo husaidia. Lakini hati hiyo haiandikiki iwapo hakuna anayekumbuka.

Wale ndugu walirudi kwangu juzi na daftari. Wamefika vizazi sita. Shangazi yao mkongwe ndiye aliyejua vyote. Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza.