Mafundi wa Ngozi na Nguo: Nchi Jirani Zagawana Vyuo

Mchinjaji akimchuna ng'ombe kwa haraka, kisu chake huteleza na kuacha mkato upande wa nyama. Pale machinjioni mkato huo hauonekani sana, wala mwenye ng'ombe haujali, kwa maana mawazo yake yapo kwenye nyama. Lakini ngozi ile ikifika kiwandani, ikaloweshwa, ikatiwa chokaa ili nywele ziachie, ikakwanguliwa na kunyoshwa, mkato ule hujitokeza kama tundu, na mahali palipotosha upande mzima wa kiatu hapafai tena. Ndivyo ilivyo pia kwa chapa ya moto iliyopigwa katikati ya ubavu, na kwa makovu ya kupe.

Mambo hayo wafugaji wa Afrika ya Mashariki wamekuwa wakiambiwa tangu zamani, pamoja na shauri la kuiwamba ngozi kivulini badala ya kuitandaza chini juani. Wengi waliyashika. Lakini mtu wa upande wa pili, yaani fundi wa kuipokea ngozi njema na kuifanya kiatu au mkoba, hakuhubiriwa sana, wala vyuo vya kumfundisha havikuwa vingi.

Kwa hiyo ngozi nyingi za Kenya zimekuwa zikisafirishwa ng'ambo kabla hazijafika mwisho wa safari yake ya kiwandani. Zikiisha kutiwa dawa ya kromi huwa na unyevu na rangi ya buluu, haziozi, nazo hupakiwa melini katika hali hiyo. Kazi iliyobaki ya kulainisha, kutia rangi, kukata na kushona ndiyo yenye faida kubwa, nayo hufanywa na mikono ya watu wengine. Hata ile njia ya kale ya kutengeneza ngozi kwa magome ya miwati, ambayo haitaki kromi, malighafi yake yapo hapa hapa: miti hiyo ilipandwa sana katika milima ya Kenya, na huko Njombe katika Tanzania.

Pamba nayo ina habari yake. Kisumu ulikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, Kicomi, ambacho kilifungwa katika miaka ya 1990. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret nacho kilianguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kisha kikafunguliwa upya na mashine mpya mwaka 2019. Jengo la kiwanda laweza kufungwa miaka kumi na kufunguliwa tena, lakini mafundi hawangoji. Aliyejua kusokota uzi na kufuma kwa mtambo hurudi shambani au huuza dukani, na kijana wa kumfuata hakufundishwa.

Basi mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikubali mpango wa dola milioni 293, sehemu kubwa yake ikiwa ni mkopo, kwa nchi tatu: Ethiopia milioni 150, Tanzania milioni 75, na Kenya milioni 60. Milioni 8 zilizobaki zilipewa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika ya Mashariki, ambalo makao yake ni Kampala, ili lisaidie kuviunganisha vyuo hivyo. Vilichaguliwa vyuo 16 vya ufundi, na kila kimoja kikapewa kazi yake ya kuishikilia kwa nguvu. Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kisumu kilipewa nguo. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo kabla ya hapo ilikuwa chuo cha ngozi cha peke yake, ikapewa ngozi. Tena iliagizwa kwamba wenye viwanda washirikishwe katika kuandika mafundisho, na kwamba milango iwe wazi kwa wanafunzi wa nchi jirani.

Maana yake ni rahisi kuona. Mtambo wa kunyosha ngozi au wa kufuma nguo ni ghali mno, na nchi tatu zikinunua kila moja mtambo wake mdogo, zote zitakuwa na vyuo dhaifu. Kijana wa Homa Bay anayetaka kazi ya ngozi, Mwanza iko karibu naye kuliko Mombasa.

Shauri hili si geni kabisa. Kuanzia mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kiligawanya masomo hivyo hivyo: uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam, udaktari na kilimo Makerere. Mwaka 1970 kilivunjika, kila nchi ikataka chuo chake, na Jumuiya yenyewe ikafa mwaka 1977 hata ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Wakubwa wa leo wanalijua jambo hilo. Wala Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya, kwa hiyo makubaliano ya Jumuiya kuhusu hati za mafunzo hayaifungi.

Pesa za kufundisha mafundi nazo hazitozwi kwa namna moja. Katika Kenya mwenye kazi hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, awe analipwa kidogo au kingi. Tanzania hutoza kwa asilimia ya mishahara. Mwenye kiwanda aliyekwisha lipa kodi hiyo nyumbani yaelekea atauliza kwa nini ampokee mwanafunzi wa nchi nyingine katika kiwanda chake, na swali lake si la uchoyo tu. Mwanafunzi asiyejua kazi hupoteza uzi, hukata ngozi vibaya, na humshughulisha fundi mzee. Lakini bila miezi ile ya kiwandani, hati ya chuo ni karatasi.

Mzazi aliye na mtoto aliyemaliza kidato cha nne, naye anafikiri kuuza fahali ili ampeleke chuo cha nchi jirani, yafaa kwanza aandike barua chuoni. Na aulize karo ya mgeni ni sawa na ya mwenyeji au sivyo, na hati itakayotolewa itakubaliwa na mamlaka ya nyumbani. Tena aulize majina ya viwanda vilivyowachukua wanafunzi wa mwaka uliopita, na ni wangapi kati yao waliobakizwa kazini. Chuo chenye viwanda rafiki kitalijibu swali hilo la mwisho bila kukawia.