Kompyuta na Hesabu za Darasa la Sita

Wiki hii nina neno kwa mzazi anayeombwa anunue kompyuta "ya kusomea hesabu". Muuzaji atakusifia picha na muziki wake. Mimi naomba twende kwanza Delhi, India, mwaka 2015.

Huko watafiti walichezesha bahati nasibu kati ya watoto 619, wengi wao wa darasa la sita hadi la tisa katika shule za serikali. Walioshinda waliingia bure katika vituo vya programu iitwayo Mindspark, siku sita kwa wiki: dakika 45 kwenye kompyuta, na dakika 45 na mwalimu katika kikundi kidogo.

Kwanza programu iliwapima. Kwa wastani, mtoto wa darasa la sita alikutwa nyuma miaka miwili na nusu katika hesabu. Mwalimu anaandika aljebra ubaoni, na mtoto huyo hata kugawanya hajui! Hasumbui mtu, ananakili tu.

Programu humrudisha pale alipoachwa. Tena hutazama aina ya kosa. Ukimwuliza 1/2 kujumlisha 1/3 naye akajibu 2/5, ni dhahiri kajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Hilo lina dawa yake, wala si alama nyekundu ya mkosi tu kama tuliyoizoea.

Baada ya miezi minne na nusu, walioshinda bahati nasibu walikuwa wamewapita wenzao. Ni kama mtoto aliyekuwa katikati ya watoto mia kupanda hadi nafasi ya 64 kutoka chini.

Sasa sikilizeni hili. Mtihani wa hesabu wa shuleni haukuonyesha nafuu ya maana. Watafiti walieleza kuwa mtihani ule huuliza ya darasa alilomo mtoto, naye aliyetoka kiwango cha darasa la tatu akafika la nne bado anauona mgeni. Baba akisoma ripoti atasema fedha imeliwa, kumbe mtoto amepiga hatua.

Utafiti huo haukutenganisha kazi ya mashine na kazi ya mwalimu. Kwa hiyo mimi ningemwuliza muuzaji mambo mawili: je, programu yako humpima mtoto kabla ya kumfundisha? Na zile dakika 45 nyingine, nani atakaa naye?