‘Pants’ kwenye ankara: suruali au chupi?

Mfanyabiashara anayeagiza belo za mitumba kutoka Marekani hukutana na neno ‘pants’ kwenye ankara. Mmarekani akiliandika anamaanisha suruali. Mwingereza akilisoma anaona chupi. Kiingereza cha ofisi nyingi za Afrika Mashariki kilitoka Uingereza, na hapo ndipo mtego ulipo.

Neno lenyewe ni kifupi cha ‘pantaloons’, lililotokana na Pantalone, mzee bahili wa michezo ya jukwaani ya Italia, aliyevaa suruali ya kubana. Marekani ikabaki na maana ya suruali. Uingereza ikalipeleka ndani ya suruali.

Kwa mfanyabiashara, kosa hili lina gharama. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku kuingiza na kuuza nguo za ndani za mitumba. Belo la jinzi lililoandikwa ‘used pants’ linaweza kuzua maswali mpakani, likafunguliwa na kukaguliwa huku lori likisubiri na gharama zikipanda.

Namba ya forodha nayo haiokoi. Mitumba yote, iwe suruali au shati, huingia chini ya namba 6309, hivyo maelezo ya maneno ndiyo yanayoitambulisha nguo. Kwa nguo mpya, namba hutofautiana: suruali za kiume za kitambaa cha kawaida ziko 6203 na za kike 6204, ilhali chupi za kitambaa kama cha fulana ziko 6107 kwa wanaume na 6108 kwa wanawake. Maelezo yakisema hivi na namba ikisema vile, mwenye mzigo ndiye atakayeulizwa.

‘Pants’ haiko peke yake. ‘Vest’ ni singlendi kwa Mwingereza, lakini kizibao kwa Mmarekani. ‘Jumper’ ni sweta London. New York ni gauni lisilo na mikono linalovaliwa juu ya blauzi.

Dawa yake ni rahisi, na itolewe kabla mzigo haujafungwa. Muuzaji aombwe kuandika ‘trousers’ kwa suruali na ‘underpants’ kwa chupi, maneno yanayoeleweka pande zote mbili, kisha aongeze kama ni za kiume, za kike au za watoto. Sokoni mteja atasema suruali, mwingine longi, na wote watahudumiwa. Mpakani kinachosomwa ni karatasi.