Kinywa cha mzee na kapsuli za duka la dawa

Mzee wa Masumbwe, wilayani Mbogwe, akilalamika kwamba mdomo unawaka, chai ya moto hainyweki na matobolwa hayatafuniki, nyumbani husemwa ni uzee. Asiporidhika, hununuliwa amoksilini duka la dawa. Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Kinywani huishi mamia ya aina za bakteria, na kwa watu wengi yumo pia fangasi aitwaye Candida albicans. Bakteria wengi humbana, wakigombania naye chakula na nafasi. Antibayotiki kama amoksilini haimuui fangasi. Huwaua waliokuwa wakimbana. Hapo ndipo ulimi unapoota utando mweupe, au ufizi chini ya meno bandia unapogeuka mwekundu na kuuma.

Ila wapo bakteria wanaoshirikiana naye. Streptococcus mutans, yule anayetoboa meno, akipata sukari hutoa kimeng'enya kinachonata mwilini mwa fangasi na kutengeneza gundi. Fangasi hupata pa kujishikiza kwenye jino, bakteria hupata ngome, na utando wao huwa mnene, wenye tindikali, mgumu kupenywa na dawa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwaambukiza panya viumbe hao wawili kwa pamoja. Meno yakaoza vibaya kuliko ya panya walioambukizwa kimoja tu.

Kinachowafungulia mlango ni ukavu wa mdomo. Mate huosha meno na kupunguza makali ya tindikali, lakini baadhi ya dawa za presha na za mzio huyapunguza, na kisukari vilevile. Fizi zikishuka, mizizi ya meno hubaki wazi, nayo haina ule ugumu wa sehemu ya juu ya jino. Ongeza chai ya vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku.

Meno bandia ni kisa kingine. Plastiki yake ina vitundu ambamo fangasi hujificha. Mzee akitibiwa kwa nistatini, dawa ya fangasi, bila meno hayo kusuguliwa, na akaendelea kulala nayo, ugonjwa hurudi. Usiku yavuliwe, yalowekwe kwenye maji safi.

Na mzee akifika dirisha la wazee hospitalini, ataje kila dawa anayomeza. Utando mweupe usio na sababu inayoonekana unadai kupimwa sukari, na VVU pia, hata kama mgonjwa ni bibi wa miaka sabini na wajukuu wanaona haya kuuliza.